Ukuta wa Chumba cha Mama

Jumatatu, 3 Machi

Maji yalinipokea nje. Nimetoka shuleni saa tisa na nusu, begi la madaftari begani, nikaona kijito chembamba kinatoka chini ya mlango wetu wa mbele, kinashuka ngazi mbili, kinaingia kwenye maua ya Mama kama kilichoalikwa. Nikadhani Mama anapiga deki. Halafu nikakumbuka yuko kwa mama mdogo tangu asubuhi.

Ndani yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Ndala moja ilikuwa inaelea ukumbini, peke yake, haina wasiwasi. Sauti ilitoka ukutani, kati ya bafu na chumba cha Mama — si ya kudondoka, ya kupuliza, kama mtu anayetaka kuzima mshumaa na pumzi haimwishi. Nilitoka nje nikafunga koki kuu kwa mikono miwili. Nikarudi, nikapiga picha. Kumi na nne. Kwa nini nilipiga picha kabla ya kuokoa godoro, sijui. Ndivyo nilivyo.

Godoro la Mama limekwisha. Kabati limevimba, milango haifungi. Sanduku la picha za Baba lilikuwa chini ya kitanda. Marehemu sasa amegandana na harusi yake. Ukuta umelowa hadi usawa wa kifua changu na plasta imetoa kitambi.

Fundi bomba alikuja ndani ya dakika kumi. Niandike vizuri: dakika kumi. Na huyu ni Fundi Kesho, mtaa mzima unamwita hivyo, mtu aliyemzungusha Mama Pacha wa nyumba ya pili miezi miwili kwa koki moja ya jikoni. Nilimwambia tu kwenye simu kwamba bomba limepasuka kwetu. Hakuuliza bomba gani. Aliingia, akavuka ukumbi, akaenda bafuni moja kwa moja, akafungua kile kifuniko cha mbao nyuma ya mlango kama anayefungua kabati lake mwenyewe. Akajifungia. Nusu saa ya msumeno. Akatoka na begi lake, akasema ameweka kipande kipya, malipo tutaongea, hakuna haraka.

Hakuna haraka! Fundi huyo!

Mama karudi jioni. Alisimama kwenye mlango wa chumba chake, viatu mguuni, mkoba bado kwapani. Nilisubiri alie. Kauliza: "Fundi kashakuja?"

Analala sebuleni. Kifua kimeanza kumbana.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga simu bima wakati wa mapumziko, nyuma ya maabara, sikio moja limezibwa kwa kidole. Bima hii nimeikata mwenyewe, Oktoba iliyopita, mwezi nilioajiriwa rasmi kufundisha kemia. Watu wengine walinunua viatu. Mimi nilinunua karatasi kurasa ishirini na mbili, nikaziweka kwenye faili la bluu, nikajiona mtu mzima.

Sauti ya kike, tamu mno. Pole sana dada. Akanipa namba ya dai. Akanieleza: usitupe kitu, usisafishe ukuta, tunza kipande cha bomba kilichopasuka, mkadiria hasara atakuja Ijumaa. Yale ya utamu aliyasema haraka, yale ya masharti aliyasema polepole. Nimeligundua hilo nilipokata simu.

Kipande cha bomba hakipo. Si bafuni, si kwenye ndoo ya taka, si uani. Fundi Kesho ameondoka nacho. Sasa mtu mstaarabu anaondoka na kipande cha bomba bovu la watu kwa nini?

Nimesoma mkataba upya. Kifungu cha tisa mara tatu. Wanalipa maji yaliyotoka kwa ghafla. Hawalipi maji yaliyokuwa yakivuja polepole, wala kasoro ambayo mwenye bima aliijua akanyamaza. Mwenye bima ni mimi. Kwetu yalitoka kwa ghafla. Ndala ile haikuelea polepole.

Mwashi amepita jioni, kagongagonga, kasema ukuta huo uvunjwe hadi msingi, na nyaya za umeme zote za upande ule zitolewe. Mpaka hapo Mama asilale humo, kwa kifua chake kile. Bila bima siwezi hata kuanza. Na bima ikikataa, najua kitakachofuata: Kaka atasema nyumba iuzwe, Mama ahamie kwake. Mwaka wa tatu huu anatafuta sababu. Mama katika chumba cha wageni cha mke wa Kaka, anaomba ruhusa kuchemsha maji. Hapana.

Nimemwambia Mama mara mbili, uso kwa uso: tusioshe kitu mpaka Ijumaa. Kasema sawa.

Alhamisi, 6 Machi

Wamesafisha!

Nimefika, nyumba inanukia sabuni hadi nje. Mama, Mama Pacha na wanawake wengine wawili wa chama chao, sketi zimekunjwa, wanakunywa chai kwenye ngazi kama waliotoka vitani. Sakafu inang'aa. Godoro limeondoka na mkokoteni wa taka. Mazulia, hayapo. Na ukuta — ukuta umepakwa chokaa! Nyeupe pe, kuanzia chini hadi pale maji yalipoishia, umekatwa mstari ulionyooka kama wa kwenye daftari.

Mama kaniambia kesho tuna mgeni, atukuteje kwenye uchafu. Nikamwambia, Mama, huyo si mgeni, ni mtu wa bima, uchafu ndio anaokuja kuutazama. Aliniangalia kama nimependekeza tumpokee na nguo za ndani. Mama Pacha akacheka mpaka chai ikamwagika: "Huyu mtoto wako kasoma hadi kasahau ufagio." Wakacheka wote. Nikacheka nami, wa mwisho.

Nimebaki na picha kumi na nne.

Lakini kasema sawa. Jumanne. Mara mbili. Mama yangu hukumbuka siku niliyoota jino la kwanza na nani alikuwepo. Hasahau alichoambiwa juzi. Mke wa mtu aliyejenga nyumba hii kwa mikono yake hawezi kuvumilia mgeni aone tope, hilo naelewa, nimekua nalo. Ila chokaa? Nani anapaka chokaa kwenye ukuta mbichi?

Nimeandika sentensi moja hapa nikaifuta.

Ijumaa, 7 Machi

Mkadiria hasara. Viatu vyake vinameremeta kiasi kwamba nilitazama viatu kwanza, yeye baadaye. Nitamwita Bwana Viatu. Makamo, mpole, sauti ya mtu wa kuhesabu maiti. Alivivua mlangoni bila kuambiwa, na hapo hapo akamteka Mama.

Chai. Akakubali. Chai ya pili. Akakubali. Wanafundishwa, nina hakika, kuna kozi nzima ya kunywa chai za wazee.

Ana kidude cha kupima unyevu, kina meno mawili, anakichomeka ukutani kinalia. Kililia chini. Kililia usawa wa goti. Kisha akakipeleka juu kabisa, juu ya mstari wa chokaa, karibu na pale bomba linapopita. Kikalia.

Nikamwambia maji hupanda ukutani, ni sayansi ya kawaida.

"Hupanda, mwalimu," akasema. "Yakipewa muda."

Kisha akamgeukia Mama, kwa adabu zote, akamuuliza chokaa hii imepakwa lini. Mama: "Jana, baba. Kwa ajili yako." Na akaandika! Nilimwona, aliandika maneno yale yale. Akauliza tena, je, Mama, hapa pamewahi kuwa na unyevu kabla ya Jumatatu? Mama akasema ngoja nikuongeze chai. Akaenda jikoni, akakaa huko muda wa kuchemsha birika tatu.

Bomba je? Nikasema fundi ameondoka nalo. Bwana Viatu akatabasamu kidogo, kasema mafundi wote huondoka nalo. Wote kwa nini? Akachukua namba ya Fundi Kesho. Nilipompa nikajuta, kisha nikajiuliza kwa nini najuta, mimi sina la kuficha.

Alipotoka nilimtazama kupitia pazia. Alisimama kando ya gari, akapiga simu, akacheka. Anacheka nini?

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuata Fundi Kesho kwenye banda lake nyuma ya duka la vifaa. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga uzi kwenye koki. Nikamsalimu, nikauliza bomba letu. Kasema ameliuza kwa mtu wa vyuma chakavu. Yupi? Yule anayepita. Lini? Juzi. Nikamkumbusha kwamba yule hupita Jumapili tu, na ana kengele, mtaa mzima unamsikia.

Akaacha kufunga uzi. "Mwalimu, wewe kazi ya polisi ungeiweza." Nikasubiri. Mimi najua kusubiri, nasubiri watoto arobaini wanyamaze kila asubuhi. Akasema, bila kuniangalia, kwamba kuna vitu vikipotea ni nafuu kwa kila mtu, niliache lipotee.

Nafuu kwa nani?

Nimetembea kurudi nikiunganisha. Bwana Viatu ana namba yake tangu jana. Fundi analikalia bomba. Bila bomba dai linakufa. Siku mbili tatu zijazo mtu ataniletea ujumbe: kitu kidogo, dada, na bomba litaonekana. Nilimweleza Mama. Kasema Fundi Kesho si mtu wa hivyo. Nikauliza umejuaje. Kasema anamjua mama yake.

Jumapili, 9 Machi

Kaka amekuja na mkewe na futi ya kupimia. "Inspekta," kaniambia mlangoni, "umekamata nani leo?" Tangu utotoni ananiita hivyo, tangu siku niliyopima kiwango cha maziwa kwenye chupa kwa kalamu kumkamata anayekunywa. Alikuwa yeye.

Kasema ana mtu wake ndani ya bima, nimwachie faili ashughulikie. Nikakataa. Kasema basi nisije nikalia. Kisha akapima sebule. Kwa nini? Eti kochi. Kisha akatoka akapima ua. Kochi gani linakaa uani, nikamuuliza, na mkewe akageuka kutazama ndege angani, ndege wenyewe hawapo.

Wakati wa kula kaileta hoja yake mezani. Nyumba imechoka, Mama. Ukuta ukianza kuugua zingine zinafuata. Kwetu kuna chumba kizuri, kina dirisha. Mama alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. Kasema dirisha hata hapa lipo.

Nani alikuwa na ufunguo wa nyumba siku ya Jumatatu? Mimi, Mama, Kaka. Nimeandika hilo kisha nimelitazama. Kaka yangu wa damu aje apasue bomba? Nimekuwa mtu wa namna gani? Lakini sijalifuta.

Jumatano, 12 Machi

Barua ya bima. Wanataka vitu vitatu kabla ya siku kumi kwisha: kipande cha bomba; ripoti ya fundi yenye saini; na maelezo yangu kwa mkono wangu mwenyewe, lini niliona dalili ya maji kwa mara ya kwanza, na kama bomba hilo liliwahi kutengenezwa kabla sijakata bima.

Kwa mara ya kwanza! Kama liliwahi! Kwenye fomu ya Oktoba lilikuwepo swali hilo hilo, nimelitafuta kwenye nakala yangu. *Je, kumewahi kuwa na uvujaji au matengenezo ya mabomba?* Nimeweka alama kwenye Hapana. Alama nzuri, imenyooka. Nakumbuka nilimuuliza Mama kwanza. Alikuwa anachambua mchele. Kasema hakuna.

Mama amekohoa mchana kutwa. Nimemwomba atazame barua. Kasema hana miwani. Miwani ilikuwa kichwani.

Ijumaa, 14 Machi

Saa saba mlinzi wa shule kaniita, kuna mgeni. Fundi Kesho, shati la kwenda ibadani, mfuko wa saruji umekunjwa kwapani kama mkate.

Kasema mtu wa bima amemfuata mara mbili anataka ripoti. Aandike kwamba bomba lilikuwa zima hadi siku ya Jumatatu, atie saini. Nikasema si ndivyo? Akatikisa kichwa. Akaniambia yeye kwa mdomo anasema lolote, ndiyo maana anaitwa Kesho. Lakini hajawahi kutia jina lake kwenye karatasi ya uongo, na hataanza na bomba la robo tatu inchi. Akaniwekea mfuko mikononi.

"Sikuwa nakuficha wewe, mwalimu. Nilimwahidi mama yako."

Akaondoka. Hakutaka hata malipo. Sikumfuata. Nilikuwa na kipindi cha kidato cha pili B, nikafundisha, sijui nilifundisha nini.

Wanafunzi walipotoka nikafunga maabara nikafungua mfuko kwenye meza yangu. Bomba la chuma, urefu wa mkono hadi kiwiko. Katikati limefungwa mpira — mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, umezungushwa mara nyingi, umekazwa kwa waya. Upande mmoja mpira umechanika, na hapo chini kuna ufa ningeweza kuingiza ukucha. Waya una kutu. Mpira umekauka, una nyufa kama kisigino. Nikaufungua. Chini yake kutu imejipanga tabaka juu ya tabaka: ya kahawia, ya machungwa, nyeusi ndani kabisa, na kingo zote zina ukoko mweupe wa chokaa ya maji.

Ninafundisha kutu. Kila mwaka, wiki mbili nzima, misumari kwenye mirija. Hii si kazi ya siku moja wala ya mwezi mmoja. Mtoto wa kidato cha pili angeniambia.

Kwa hiyo hapakuwa na njama. Bwana Viatu alicheka tu kwenye simu, watu hucheka. Kaka alikuwa anapima ua kwa sababu anataka kuuza, jambo tunalolijua wote. Wiki nzima nimenusa kila mlango isipokuwa wa jikoni kwetu.

Jumamosi, 15 Machi

Niliweka bomba mezani baada ya chai ya asubuhi. Mama alilitazama kama mtu anayekutana na jamaa aliyemkopesha zamani. Akakaa.

Ilianza Agosti. Ukuta ulitoa jasho. Akamwita Fundi Kesho nikiwa shuleni. Fundi akasema bomba zima la upande ule limeoza, ukuta uvunjwe. Mama akakataa. Mimi nilikuwa nasubiri barua ya ajira, silali. Kaka alikuwa ameshaanza maneno ya kuuza. Akisikia ukuta unaugua, hiyo ndiyo sababu aliyokuwa anaitafuta. Basi fundi akafunga mpira, wa muda tu, nitarudi kesho. Likaacha kuvuja. Mama akaona limepona.

Na Oktoba? Nilikuuliza Mama, nikiwa na fomu mkononi.

"Ulikuwa na furaha," kasema. "Umeshika kalamu, umekaa kama Baba yako. Ningekuambia nini?"

Nikauliza kuhusu chokaa. Akasugua meza kwa kidole gumba mahali pasipo na doa.

"Nusu ilikuwa kwa ajili ya mgeni," kasema. "Nusu kwa ajili ya ukuta."

Nilimwambia amenifanya mwongo kwenye karatasi yenye jina langu. Nililisema kwa sauti ninayowasemea watoto. Yeye akasema karatasi ni yangu lakini uongo ni wake, nimwambie huyo mtu wa bima hivyo hivyo. Akasimama akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumapili, 16 Machi

Hatujaongea. Amenipikia. Nimekula. Anakohoa, anazuia nisisikie, nasikia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia Bwana Viatu. Nilimwambia bomba limepatikana na lina historia. Sikusema zaidi. Akasema kesho saa kumi atapita achukue maelezo.

Na kabla ya kukata akaongeza, bila kuulizwa, kwamba bomba kuwa na historia si mwisho wa mambo. Wazee hufungafunga vitu, kampuni inalijua hilo. Swali lao ni moja: mwenye bima, siku anatia saini, alijua au hakujua? Kama hakujua, na mzee akakiri kwamba alimficha, yeye atapendekeza walipe. Ameshapitisha madai ya namna hiyo.

Kwa nini ananiambia? Wema huu ni wa nini? Ananifungulia mlango ili nipite, au ili aone kama nitapita? Nimegeuza maneno yake kila upande kama sarafu ya kigeni. Lakini hata mtego ukiwepo, mimi salama. Mimi sikujua. Nilimuuliza Mama, akasema hakuna. Ukweli mtupu.

Nilitaka tu tarehe kamili ya siku niliyojaza fomu. Nikatoa daftari la mwaka jana, shajara kama hii, jalada jekundu. Oktoba nimeipata. Nikarudi nyuma kidogo, Agosti, nione Mama alikuwaje siku zile. Nanakili:

*Jumapili, 11 Agosti. Nimegusa ukuta wa Mama nikitafuta chaja. Baridi, na unateleza. Harufu ya udongo. Juzi nilipishana na Fundi Kesho anatoka kwetu, mikono ina kutu, kasema alipita kusalimia. Mama kasema ni unyevu wa hewa tu. Sikuuliza zaidi. Nina madaftari themanini ya kusahihisha, na kusema kweli sitaki kujua.*

Mwandiko wangu. Kalamu yangu ya kijani.

Nimeisoma nimesimama. Kisha nimekaa nikaisoma tena. *Sitaki kujua.* Kumbe Oktoba nilipomuuliza Mama sikuwa nauliza. Nilikuwa naagiza jibu, na yeye akaniletea, kama anavyoniletea chakula.

Mimi ndiye ninayepima maziwa kwenye chupa.

Jumanne, 18 Machi

Yuko sebuleni. Bwana Viatu. Amefika saa kumi kamili, amevua viatu, amekubali chai. Bomba liko mezani juu ya gazeti. Amelitazama, amegusa mpira kwa kidole kimoja, amesema "hm." Fomu ya maelezo iko mbele ya kiti changu, mistari kumi na miwili, kalamu juu yake.

Ameomba kitambulisho changu, nakala ya mwanzo haisomeki. Nimekuja chumbani kukichukua. Kilikuwa kwenye droo, nimekipata mara moja. Ni dakika ngapi sasa? Nimekaa kitandani. Daftari jekundu lilikuwa chini ya kitambulisho, mimi ndiye niliyeliweka hapo jana.

Nawasikia. Mlango wangu haufungi vizuri tangu maji yale.

Mama anaongea. Sauti ya chini, ya mtu aliyefanya mazoezi. Anasimulia Agosti, fundi, mpira. Haachi kitu. Hata chokaa kaitaja! Bwana Viatu hamkatizi. Sasa anauliza jambo. Silisikii. Jibu la Mama nalisikia:

"Huyu mtoto hajui lolote, baba. Hakuwahi kuugusa ukuta ule. Andika hivyo."

Hakuwahi kuugusa. Kwa nini aseme kuugusa? Sijawahi kumwambia kwamba niliugusa. Alikuwepo siku ile? Aliniona? Miezi yote hii anajua kwamba ninajua, na yuko pale anakula kiapo juu ya chai?

Bwana Viatu anasema ahsante, Mama, lakini lazima aandike mwenyewe, saini ni yake.

Kikohozi. Kikombe kimerudishwa kwenye kisosi.

Hakuna mtu duniani anayejua kilichomo kwenye daftari hili jekundu. Mistari sita ya wino wa kijani. Wakilipa, ukuta unasimama, Mama anarudi chumbani kwake, Kaka anabaki na futi yake. Na mimi nitafundisha watoto kusoma misumari na kuandika walichokiona, si walichokitaka.

Mama ananiita. Sauti ya kawaida kabisa, kama chakula kiko tayari.

Naja, nimesema. Sijasimama.

Ananiita tena.

Karatasi ya daftari jekundu ni nyepesi. Nimejaribu kwenye pembe tu, urefu wa ukucha. Inachanika bila sauti.